Taka za reli: shajara ya kipande chetu, kuanzia oili chafu mpaka mataruma

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu watakaopewa kazi kama yangu na kuambiwa "we panga tu mapipa". Sisi ni mkandarasi mdogo wa usafi na mazingira, mteja wetu anaendesha treni za reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, hapa Tanzania. Kipande chetu kina karakana moja kubwa, vituo viwili vidogo vya matengenezo ya vichwa vya treni na stesheni 23. Majina ya mteja na ya vituo siyataji, makosa mengi humu ni yetu wenyewe na mengine ni yangu mimi kabisa. Bajeti niliyopewa mwanzo ilikuwa shilingi milioni 5. Cheka tu.

12 Agosti 2024: kuhesabu

Wiki mbili za kwanza nilizunguka na daftari na kiberenge nikiuliza kila kituo kuna taka gani. Jibu lilikuwa moja kila mahali, "hapa taka hakuna". Nikadhani wananificha, kumbe wanasema kweli kwa namna yao. Oili chafu ina wateja wake mtaani, betri mbovu zina wateja, vyuma chakavu ndo usiseme, mataruma ya mbao (yale magogo yanayolala chini ya reli) yana wateja, hata pipa tupu lina mteja. Kinachobaki chini ni kile kisicho na bei, yaani matambaa yenye grisi, filta, tope la mafuta, mifuko ya saruji na makaratasi.

Kwa hiyo niliacha kuuliza "mnatupa nini" nikaenda stoo kuuliza "mnapokea nini". Mzee wa stoo, namwamkia shikamoo kila siku mpaka akanizoea, alinifungulia leja ya miezi sita. Oili mpya iliyotolewa inajulikana lita kwa lita. Injini inaunguza kiasi, nyingine inavuja njiani, lakini ukipiga hesabu bado zaidi ya nusu inatakiwa irudi ikiwa chafu. Iliyorudi kwenye maandishi ilikuwa haifiki hata robo. Hapo ndo nilipojua mradi wangu ni wa nini.

Kama unaanza, anzia stoo. Usianzie jalalani.

2 Septemba: mapipa

Tulinunua mapipa 24 ya lita 200, yaliyotumika ila mazima, 45,000 moja, jumla 1,080,000. Tukapaka rangi: jeusi la oili, jekundu la matambaa na filta, kijani la taka za kawaida. Tukasambaza, tukapiga picha, tukatuma kwenye grupu la WhatsApp, hongera nyingi.

Baada ya siku kumi na mbili mapipa tisa hayapo.

Sikufikiria kitu kilicho wazi kabisa, kwamba maeneo mengi ya kipande chetu maji ni ya shida na pipa la lita 200 ni mali ya nyumbani. Unamwekea mtu pipa safi lenye rangi nzuri karibu na nyumba yake halafu unategemea atupe filta ndani? Matano tulirudishiwa kimyakimya baada ya stesheni masta mmoja kusema kwa sauti kwenye kilabu cha pombe kwamba yalikuwa na mafuta yenye sumu (hayakuwa na kitu, lakini nilimshukuru). Manne hayakurudi. Na yale matano sijui yalikuwa yameshawekwa maji au la, niliwaambia tu watu wayasuuze wasiyanywee.

Suluhisho lilikuwa kuchomelea. Fundi wa karakana alichukua vipande vifupi vya reli chakavu, akatengeneza stendi ya mapipa mawili mawili, akachomelea kabisa chini. Stendi moja inabebwa na wanaume wanne wakilalamika. Pia tukatoboa mashimo madogo ubavuni kwenye yale ya taka ngumu ili yasishike maji. Gharama 310,000, hasa vijiti vya kuchomelea na posho ya fundi. Toka hapo hakuna lililoondoka.

30 Septemba: oili inapungua usiku

Pipa jeusi la karakana linajaa Ijumaa, Jumatatu limeshuka. Nikaweka kufuli. Likaendelea kushuka. Nikabadilisha kufuli, likaendelea kushuka, maana ufunguo anakaa nao mlinzi na mlinzi ndo huyohuyo.

Sikumshtaki. Nilikaa naye tukanywa chai akanieleza biashara ilivyo. Mafundi seremala wanainunua kwa ajili ya mchwa, wanapaka nguzo na mbao za paa. Wapasua mbao wanaitumia kwenye misumeno. Dumu la lita 20 anauza 15,000, yaani 750 kwa lita. Sasa mnunuzi wetu halali mwenye vibali anatupa 450 kwa lita, tena anakuja akipata mzigo wa kutosha. Kwa hiyo nilikuwa nataka watu waache bei kubwa ya jirani wachukue bei ndogo ya mbali, kwa sababu ya sheria ambayo hakuna aliyewahi kuwasomea.

Tulichofanya, na kimefanya kazi nusu: kijiti cha kupimia kilichokwanguliwa alama kila lita 20, kinatumbukizwa kila zamu inapobadilishana na wote wawili wanasaini. Halafu tukakubaliana na mteja kwamba asilimia 20 ya mauzo halali inabaki kwenye mfuko wa karakana kwa chai na mahitaji yao, na hesabu inabandikwa ukutani na namba zote. Mwezi wa kwanza upotevu ulishuka sana. Haujaisha. Kuna lita kama 30 hivi zinayeyuka kila mwezi na mimi nimeamua hizo sizioni.

Kwenye wiki hiyohiyo tukajenga sehemu ya kuhifadhi mapipa, sakafu ya zege mita 5 kwa 3, paa la bati, na kingo pembeni ili yakimwagika yasitoke. Kanuni tuliyofuata ni kingo zibebe angalau asilimia 110 ya pipa kubwa kuliko yote au robo ya mzigo wote, ipi kubwa. Mapipa 20 ni lita 4,000, robo ni 1,000. Mwashi akainua sentimita 10, nikapiga hesabu lita 1,500, safi. Nikasahau mapipa yenyewe yanakula nafasi! Pipa moja linakalia kama mita ya mraba 0.28, ishirini ni 5.6, ukitoa hizo unabaki na lita 940. Tukaongeza mpaka sentimita 15. Jumla ya yote 1,940,000 na aibu kidogo.

21 Oktoba: maji ya maziwa

Hili ndo kosa langu kubwa kwa hiyo nalieleza lote.

Karakana ina shimo refu la ukaguzi ambalo kichwa cha treni kinasimama juu yake, mafundi wanaingia chini. Sakafu yake ilikuwa na ganda la grisi la miaka, ukikanyaga na gambuti unateleza kama kwenye kambale. Maji ya sakafuni yanaenda kwenye chemba ya kutenganisha mafuta, vyumba vitatu vyenye kuta ndani, mafuta yanaelea juu, maji yanapita chini ya ukuta na kutoka kwenye mfereji wa nje. Chemba ya zamani lakini nzima.

Mimi nikataka sakafu ing'ae kabla ya ukaguzi. Nikaagiza sabuni kali ya kuondoa grisi, madumu mawili, na mashine ya maji ya presha. Siku mbili sakafu ikawa kama ya hospitali. Fomani akafurahi, bosi wangu akafurahi.

Siku ya nne akaja bibi mmoja anayelima mchicha kwenye mfereji ule kule nje ya uzio. Hakuja na hasira. Alikuja na maji kwenye kopo la plastiki, meupe, mazito kidogo, akachovya vidole akavisugua mbele yangu, vikateleza, akaniambia, "Mwanangu, hili mbona kama tui? Na linanuka treni."

Nikakimbia kuangalia chemba. Chumba cha mwisho ambacho kinatakiwa kiwe na maji ya kawaida kilikuwa cheupe mpaka juu. Nikachukua chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, nikajaza, nikaiacha mezani usiku kucha. Asubuhi bado nyeupe, hakuna tabaka juu.

Iko hivi. Chemba ya aina hii haina ujanja wowote zaidi ya subira. Tone kubwa la mafuta linapanda juu lenyewe kwa kuwa ni jepesi kuliko maji. Sabuni kazi yake ni kulivunja tone hilo vipande vidogo sana na kuvizuia visiungane tena, na maji ya presha yanafanya hivyohivyo kwa nguvu. Vipande vidogo hivyo havipandi, vinaelea katikati na kupita na maji. Kwa maneno mengine nilinunua dawa ya kuua chemba yangu na nikaisifia.

Kiwango cha taifa cha mafuta na grisi kwenye maji yanayotoka ni miligramu 10 kwa lita. Sampuli yetu ya kwanza ilisoma 64.

Hatua: tuliziba bomba la kutokea kwa kizibo na mifuko ya mchanga siku hiyohiyo. Tukaita gari lenye kibali likanyonya chemba yote, 650,000. Bibi tulimwambia ukweli, asivune vitanda vile, nikamlipa vitanda vyake kutoka mfukoni kwangu, na mpira wa maji wa karakana ukavutwa mpaka kwake kwa muda. Alichukua mpira, pesa alihesabu mara mbili.

Utaratibu mpya wa sakafu, uige huu: kwanza maranda. Mwaga maranda makavu juu ya mafuta, acha saa moja, fagia kwa ufagio mgumu, weka kwenye pipa jekundu. Rudia. Kisha matambaa. Mwisho kabisa maji kidogo ya ndoo, bila sabuni, bila presha. Magunia 40 ya maranda ni 100,000 na seremala anayetuuzia ni yuleyule aliyekuwa ananunua oili, maisha haya. Kazi yoyote ya lazima kwa sabuni inafanyika sehemu moja tu ambayo maji yake yanaingia kwenye tangi lake, hayaendi kwenye chemba.

Na kile kipimo cha chupa mezani tumekifanya sheria. Kila Jumatatu chupa moja inachotwa na kuachwa mpaka Jumanne. Ikibaki na ukungu, kuna mtu ametumia sabuni. Tulimkamata mmoja, alikuwa anaoshea pikipiki yake mle.

Sampuli ya Novemba: 22. Bado haijafika lakini tulijua tunaelekea wapi.

18 Novemba: pipa namba 17

Kulikuwa na banda la zamani la vifaa vya mawasiliano linabomolewa, ndani kuna transfoma kuukuu. Vibarua wakamwaga mafuta yake ili iwe nyepesi kubeba, na kwa nia njema kabisa wakayaweka kwenye pipa letu jeusi, namba 17, lililokuwa na oili ya injini zaidi ya nusu. Lita kama 60. Kijana aliniambia kwa kujivunia, "bosi hatujamwaga chini hata tone".

Mnunuzi wa oili alipokuja aliangalia lile pipa, akanusa, akauliza, nikajibu kwa uaminifu, akafunga kifuniko na kurudi nyuma hatua mbili. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na PCB, kemikali zilizowekwa kwa sababu haziungui na hazichoki na joto, na kwa sababu hiyohiyo haziozi, zinakaa kwenye mafuta ya samaki, ya ng'ombe na ya watu. Zimo kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zisizooza, nchi zilipewa mpaka 2025 kuacha kutumia vifaa vyenye nazo na mpaka 2028 kuziteketeza kwa njia salama. Mstari ni sehemu 50 kwa milioni. Ukizidi hapo si oili chafu tena, ni kitu kingine kabisa, na hairuhusiwi kuipunguza makali kwa kuongeza oili nyingine.

Tatizo la pili, pampu ya mkono iliyotumika kwenye 17 ilishatumika kwenye mapipa mengine matano. Yote sita yakasimama.

Tulipima masalia ya chini ya transfoma yenyewe, na sampuli ya pamoja ya yale matano. Vipimo viwili 240,000, na kusubiri karibu wiki saba. Matano yalikuwa salama. Masalia ya transfoma yalizidi 50. Kwa hiyo pipa 17 limepakwa msalaba mwekundu, lipo kwenye kizimba chake cha waya peke yake kama mfungwa.

Sasa hivi hakuna pipa linalofunguliwa bila lebo, na lebo si karatasi (panya na mvua), ni kipande cha bati kilichogongwa namba, kimefungwa kwa waya. Kila pampu ina pipa lake. Na transfoma, kapasita, chochote cha umeme cha zamani, hakiguswi mpaka niitwe.

9 Desemba: mvua ya kwanza

Nilidhani chemba imepona. Ikanyesha saa moja, mvua ile ya kwanza yenye vumbi ndani yake, na jioni mfereji wa nje una ngozi ya rangi za upinde wa mvua mpaka kwenye daraja dogo.

Mabomba ya paa la karakana yalikuwa yanamwaga ndani, kwenye mfereji wa sakafu, na mfereji unaenda kwenye chemba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa ni mita za mraba 1,800, mvua ile tukikadiria milimita 30, hiyo ni lita 54,000 zilizopita kwenye chemba ya lita 6,000. Chemba ilisuuzwa mara tisa, mafuta yote yaliyokuwa yanaelea kwa subira yakabebwa kwa pamoja. Sampuli: 41.

Hapa hakukuwa na njia ya mkato. Gata mpya, mabomba ya kushusha nje ya ukuta, mfereji wa zege wa kupeleka maji safi ya mvua upande mwingine kabisa. 2,870,000, kitu ghali kuliko vyote kwenye shajara hii na bajeti ikafia hapo. Nilimpelekea bosi ile chupa pamoja na hesabu ya lita 54,000, akasaini bila maneno. Namba iliongea kuliko picha.

Mtu wa reli ya kati hahitaji kuelezwa mvua inafanya nini, kipande cha Kilosa mpaka Gulwe kinajulikana kwa kusombwa tuta na mito. Lakini sisi huwa tunafikiria tuta tu, hatufikirii kwamba maji yaleyale yakipita kwenye kituo cha mafuta yanabeba kila kilichomwagika toka Juni. Kama ukaguzi wako umefanyika kiangazi, umekagua nusu.

Februari tukapima tena: 9. Aprili: 8.

20 Januari 2025: mataruma na maharage

Reli yetu ina mataruma ya aina tatu, ya chuma (mengi ni ya zamani mno), ya zege, na ya mbao kwenye madaraja na sehemu za kubadilishia njia. Ya mbao yamelowekwa kreosoti, ile dawa nyeusi ya lami ya makaa, ndo maana yanakaa miaka mchwa hasogei. Moshi wake na vumbi lake si wa kuchezea, ni sumu zinazohusishwa na saratani.

Sasa nje ya geti kuna mama lishe, nimekula kwake toka Agosti, maharage yake hayana mpinzani. Siku moja nimekaa upande wa jikoni kwa sababu ya mvua nikamwona anapasua kuni, nyeusi, nzito, zina tundu la msumari mkubwa wa reli katikati. Moshi mweusi unapanda chini ya sufuria bila kifuniko. Nikamuuliza anazipata wapi. "Kwa vijana wa njia, baba, elfu moja moja. Hizi zinawaka hata zikilowa."

Miezi mitano nimekula taruma.

Nilimweleza taratibu, akanisikiliza, kisha akaniuliza mkaa gunia ni bei gani siku hizi na kama mimi ndo nitanunua. Sikuwa na jibu. Kumkataza yeye ni kumhamishia mwingine, kwa hiyo tukaenda kwa vijana wa njia. Wao walikuwa wakitoa taruma bovu wanaliacha pembeni kwa sababu kulibeba hadi stesheni ni kazi isiyolipwa. Tukaweka 1,500 kwa kila taruma lililofikishwa na kuhesabiwa, zaidi kidogo ya bei ya mama. Yamerudi 212, yaani 318,000. Mazima kiasi yanatumika tena ndani ya eneo la reli, kwenye vivuko na kingo za majukwaa ya mizigo, yaliyooza yamefunikwa turubai yakisubiri mteja achague mteketezaji mwenye kibali. Kuchoma wenyewe hapana, hata usiku.

Mama amerudi kwenye kuni za kawaida. Sahani imepanda 300.

3 Machi: betri, chupa, vyoo

Betri kwa ufupi. Mafundi walikuwa wanamwaga tindikali kwenye uzio kabla ya kuuza kwa sababu mnunuzi wa mtaani analipia madini ya risasi ya ndani tu. Nyasi pale zimekufa mstari mnyoofu. Tukamwaga chokaa, tukakwangua udongo wa juu, tukanunua makasha sita ya plastiki, 510,000, na mkataba mpya unasema betri zinauzwa na maji yake ndani, tupu hazipokelewi. Ule mstari wa nyasi bado haujaota.

Chupa stesheni. Tuliweka mapipa ya kijani kwenye majukwaa, asubuhi taka zote ziko chini. Si abiria, ni waokota chupa, wanapindua pipa ili wafikie chupa za maji. Badala ya kugombana nao tukatengeneza vizimba vya waya vya chupa pekee, wazi juu, 210,000 kwa stesheni sita zenye abiria wengi. Wanachukua wanachotaka bila kupindua kitu. Hii ndo kazi rahisi kuliko zote na nashangaa ilichukua miezi sita kuifikiria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka 1 Juni 2019 na kwa kweli imepungua, siku hizi tatizo ni chupa na vile vifungashio vya karanga.

Vyoo vya mabehewa ya zamani vinadondosha moja kwa moja kwenye njia, kila anayefanya kazi kwenye njia anajua. Tulichoweza ni wahudumu kufunga vyoo kabla ya stesheni na kufungua baada ya kutoka, na chokaa kwenye majukwaa. Haijatatuliwa. Treni za SGR, ile reli mpya ya kisasa, zina matangi, na India wamefunga mabehewa yao vyoo vya bakteria vinavyosaga kinyesi hukohuko chini ya behewa, kwa hiyo njia ipo, ila si kwa bajeti ya mtu wa mapipa.

28 Aprili: karatasi

Mzigo wa kwanza mkubwa wa oili ulikuwa tayari. Usiku wa kuamkia kupakia nikaamua kusoma vibali vya mnunuzi, tena kwa sababu tu umeme ulikatika nikawa sina la kufanya nikasoma kwa tochi ya simu. Kibali cha kukusanya kilikuwa hai. Cha kusafirisha kiliisha Februari, na namba ya gari lililokuwa linakuja haikuwemo.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 taka hatarishi inabaki na mwenye kuizalisha mpaka ifike panapostahili. Lori likipinduka, jina la kwenye fomu ni la mteja na nyuma yake ni letu. Nikapiga simu saa tatu usiku, mnunuzi akanuna, mzigo ukachelewa wiki tano mpaka NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakampa kipya. Mapipa yalijaa, tukapanga mpaka kwenye njia ya kupita.

Na ujinga mwingine: nilidhani kwa kuwa sisi tuko reli basi mapipa ya vituo vidogo tutayapakia tu kwenye behewa. Afisa wa usalama akaniuliza maswali manne (nani ameyafunga, yanakaa behewa gani, likivuja katikati ya pori nani anashuka, fomu iko wapi) na sikuweza hata moja. Tukatengeneza fomu, tukayafunga kwa mikanda kwenye mbao, tukaweka magunia mawili ya maranda na koleo behewa hilohilo. Toka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, ukivuja katikati msaada hauji kwa bodaboda.

Vibali vyote sasa viko kwenye eksel moja na safu ya tarehe za kuisha inageuka nyekundu siku 60 kabla. Vyuma chakavu pia vinahitaji kibali, wengi hawajui.

16 Juni: hesabu

Mapipa 1,080,000. Stendi 310,000. Banda la mapipa 1,940,000. Maranda 100,000. Sampuli tano za maji 825,000. Kunyonya chemba 650,000. Vipimo vya PCB 240,000. Gata na mfereji 2,870,000. Makasha ya betri 510,000. Glavu, gambuti, ovaroli na barakoa 780,000. Mataruma 318,000. Vizimba 210,000. Jumla 9,833,000.

Oili iliyouzwa kihalali lita 6,200 kwa 450, ni 2,790,000, toa asilimia 20 ya karakana inabaki 2,232,000. Kwa hiyo mradi umekula 7,601,000 mpaka leo, mchicha haumo.

Pipa 17 bado lipo. Mteja ameandika barua, tunasubiri maelekezo. Kila Jumatatu, baada ya kuangalia ile chupa ya mezani, mlinzi anazunguka kizimba, anainama kuangalia kama kuna unyevu chini, anasaini. Wiki iliyopita aliniuliza kama mafuta yale yanafaa kwa mchwa.